Siku tatu nilizoamka bila maumivu

Nilipofungua macho baada ya operesheni, kitu cha kwanza nilichotafuta ni maumivu ya shingo. Nimeishi nayo miaka tisa, na kila asubuhi yananitangulia kuamka. Siku ile hayakuwepo. Tumbo lilichoma pale walipopasua kutoa miyome (uvimbe wa kizazi), lakini mabega, kiuno, magoti na vidole vilikuwa vimenyamaza kabisa. Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, alikuwa ameketi kando ya kitanda na termos ya uji. Nikamwambia: "Yaya, mwili wangu umerudi." Alifikiri dawa bado imenikaa kichwani. Nililia mpaka muuguzi akaja kuuliza kama kidonda kinaniuma.

Hali ile ilidumu siku tatu. Alfajiri ya siku ya nne niligeuka kitandani na kukuta maumivu yote yamerudi, kila moja mahali pake.

Nawaandikia wenzangu wenye fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya kudumu mwili mzima, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na wale ambao bado hawajaambiwa jina la kinachowasumbua. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kadutu. Kwa miaka minne nilizunguka vituo vya afya: radio (picha ya eksirei) ya mgongo safi, damu safi, kila kitu safi. Nilichomwa sindano za diklofenaki, dawa ya maumivu, mpaka tumbo likaanza kuniunguza. Kituo kimoja waliniambia, "Mama, ni mawazo, punguza mawazo." Nilirudi nyumbani kwa mguu nikiwa na aibu, kana kwamba nimeiba kitu. Daktari aliyenisaidia alianza kwa kuniuliza jinsi ninavyolala. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha ugonjwa huu. Zamani madaktari walibonyeza sehemu 18 za mwili na kuhesabu zinazouma. Tangu vigezo vya 2010 wanaweza kuutambua bila hesabu hiyo, kwa kuangalia maumivu yameenea wapi, usingizi, uchovu, kusahau, na kama hali imedumu miezi mitatu au zaidi.

Kabla sijatoka hospitalini nilimwomba muuguzi wa anestezi, yule anayelaza mgonjwa kwa dawa, aje tuongee. Nilitaka kujua walinipa nini. Akanijibu bila kuficha: ketamini, dawa ya usingizi wa operesheni, pamoja na dawa nyingine za maumivu, na deksametazoni ya kuzuia kutapika. Ketamini ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, na tangu 1985 imo kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Kwenye hospitali ambako umeme hukatika ni dawa inayopendwa, kwa sababu mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe.

Namna inavyofanya kazi ndiyo iliyonifungua macho. Katika fibromialjia misuli na viungo havijaharibika. Mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo ndivyo vimezoea kujihami. Naufahamu ugonjwa huu kupitia darasa langu: kuna mtoto aliyepigwa sana nyumbani; ukiinua mkono kuandika ubaoni, anajikinga uso. Mkono haukwenda kwake, lakini woga wake ni wa kweli. Ketamini hufunga mlango mmoja ambao habari za maumivu hupitia na kuongezewa ukali. Mlango ukifungwa, mtoto anapumua. Kwa hiyo nafuu niliyoipata si ndoto, na maumivu yaliyotangulia hayakuwa mawazo.

Hata hivyo sithubutu kuipa ketamini sifa yote. Siku zile sikushika chaki, sikupanda mlima, sikuchota maji, nililala mchana kutwa, na dawa za kidonda zilikuwa zinaingia. Labda vyote vilishirikiana. Na tusidanganyane: mlango ule haukai umefungwa. Utafiti mdogo wa Uholanzi uliochapishwa 2011 uliwapa wenye fibromialjia ketamini, ukawafuatilia wiki nane. Nafuu ilionekana saa za mwanzo tu. Mwisho wa wiki zile hapakuwa na tofauti na waliopewa dawa nyingine ya kutuliza.

Nasema hivi kwa sababu najua tamaa inavyokuja. Wiki mbili baada ya kurudi nyumbani nilikuwa naulizia bei ya ketamini. Nilikuwa tayari kuuza mashine yangu ya kushona. Kwenye farmasi moja kijana akanishauri tramadoli, dawa kali ya maumivu, "inafanana." Hakuniuliza ninatumia nini. Usiku nameza amitriptilini, dawa ya kupunguza maumivu na kusaidia usingizi, na dawa hizo mbili zikikutana bila daktari kusimamia zinaweza kuleta degedege na kuvuruga moyo na fahamu. Ketamini nayo, ikirudiwa rudiwa, huharibu kibofu cha mkojo na kumfanya mtu mtumwa wake. Dada yangu, kaka yangu, usiitafute mtaani. Usikubali pia kupasuliwa kitu kisicholazima ukitumaini usingizi wa operesheni utakuponya. Nimeshaandikiwa na mtu aliyewaza hivyo.

Lakini kama operesheni ni ya lazima, ongea na mtu wa anestezi kabla ya siku yenyewe. Mwambie una fibromialjia, maana sisi mara nyingi huumia zaidi baada ya kupasuliwa na mpango wa dawa lazima uandaliwe mapema. Mwandikie kwenye karatasi kila unachomeza, hata mizizi ya kienyeji, na usiache amitriptilini kwa uamuzi wako mwenyewe. Omba mto mdogo chini ya shingo na mwingine chini ya magoti. Beba blanketi zito: chumba cha operesheni kina baridi, na baridi hutukaza mwili mzima. Ukiamka na nafuu, itumie polepole. Mimi siku ya tatu nilishuka na kupanda ngazi mara nne nikisalimia wagonjwa, kwa furaha tu, na naamini nililipia.

Kinachonibeba sasa ni kutembea. Nilianza na dakika tano, naongeza dakika moja kila wiki, hata siku mbaya sikai kabisa. Leo nafika ishirini na tano, kutoka Nyawera kuelekea Labotte, ambako ziwa linaonekana. Mazoezi ya mwili ndiyo tiba ambayo wataalamu wa Ulaya waliipa nguvu kuliko zote katika mapendekezo yao ya 2016, nami naithibitisha kwa magoti yangu. Darasani nafundisha nimekaa, watoto wanaandika ubaoni kwa zamu.

Na yaya amebadilika. Kwa miaka tisa alinivumilia akiwa na mashaka. Sikumlaumu, miaka yote hiyo hakuwahi kuniona nikiwa mzima. Katika siku zile tatu aliona uso wangu. Sasa kila asubuhi ananiuliza, "Leo ni kama hospitalini?" Nikisema hapana, anachukua bidoni la maji kabla sijainama.