Mjukuu kajifungia chooni na tableti, babu kanuna, nifanyeje?

Barua ya leo ni ya mama mmoja wa Tabata, ilikuwa ndefu nimeikata kidogo lakini maneno ni yake:

"Shangazi, mimi na mzee wangu tunaishi wawili tu, yeye ni mwalimu mstaafu wa historia, kwao Lindi. Binti yetu kaolewa Ujerumani wanakaa Berlin, mwaka huu katuletea mjukuu wa kiume wa miaka 10 likizo nzima, akasema mama naomba ajue asili yake. Mzee alifurahi mno akapanga ratiba, Makumbusho ya Taifa, Kijiji cha Makumbusho, Bagamoyo, na daftari kamnunulia, jioni anamuuliza maswali ya alichoona. Mwanzo mtoto alivumilia. Tuliporudi Makumbusho ya Taifa mara ya pili (mzee alisema hatukumaliza) mtoto akamwambia babu yake mbele za watu kwamba kwao Berlin kuna mifupa mikubwa kuliko hii. Mzee alikasirika, akasema mtoto hana adabu. Sasa akisikia tu makumbusho anajifungia chooni na tableti. Juzi nimemsikia anamwambia mama yake anataka kurudi, na binti akanitumia meseji, mama msimchoshe mtoto. Nililia Shangazi. Mzee haongei, anasoma gazeti lile lile. Mimi nami goti linanisumbua. Tumwachie tableti mpaka siku ya ndege au tukaze?"

Shikamoo mama yangu, na pole. Naona kilichokuliza ni ile meseji ya binti wala sio mtoto, nitafika huko, tuanze na huyu kijana kwanza.

Mtoto hajaikataa asili yake na hajawakataa nyie, kachoka tu. Umuingize ukumbini asubuhi umtoe mchana, kasimama muda wote, kila kibao anasomewa mpaka mwisho, Kiswahili chake nahisi ni cha kuungaunga, halafu jioni anategemea apumzike kumbe kuna mtihani, jamani hata mimi chooni ningeingia. Mzee nampa heshima zake zote za ualimu lakini shuleni kulikuwa na kengele, kipindi dakika 40 watoto wanatoka wanakimbizana uwanjani. Kwenye ratiba yake ya likizo kengele iko wapi?

Sasa kuna kitu kwenye barua yako umekipita mbio, mimi kilinisimamisha nikarudia kusoma. Ile mifupa ya Berlin, ya dinosaria, wale wanyama wakubwa wa kale. Mama, unajua ile mifupa imetoka wapi? Lindi! Kwao na mzee! Kuna kilima kinaitwa Tendaguru, huko huko mkoani Lindi, Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 mpaka 1913, na nikisema Wajerumani walichimba usidhani walishika majembe wao, waliochimba ni wenyeji, watu mamia, na msimamizi wao mkuu alikuwa Mswahili anaitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ikafungwa mizigo mizigo, wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini ikaenda zake. Zaidi ya tani 200. Leo mmoja wa hao dinosaria amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13, yaani weka ghorofa nne hivi, na watoto wa shule wa Berlin wanapelekwa kumshangaa.

Kwa hiyo mjukuu wako aliposema kwetu iko mikubwa hakuwa anamdharau babu. Siku zote hizo babu ndiye anajua kila kitu yeye hajui kitu, ikatokea mara moja tu kuna mifupa, na mifupa ni jambo analolijua, akalitoa. Akakaripiwa mbele za watu. Kwanini asikimbilie chooni?

Mzee haya hayajui au anayajua ila hasira zilimziba, mwambie wewe, na mwambie mkiwa wawili, mpelekee chai yake barazani usianze na "ulimkosea mtoto" maana hapo utakuwa umeharibu. Anza na Tendaguru. Mwalimu wa historia, mtu wa Lindi, ukimtajia Tendaguru gazeti litashuka lenyewe. Kisha yeye mwenyewe amwite mtoto amwambie hebu nionyeshe ule mfupa wenu wa Berlin kwenye hiyo tableti yako, na akae kimya mtoto aeleze, hata kama Kiswahili kinakatika katikati kinaingia Kijerumani, amwache tu amalize. Akimaliza ndio babu aseme, mjukuu wangu, huyu mnyama alitoka kwetu, na babu zetu ndio waliombeba. Nataka kuiona hiyo sura ya mtoto siku hiyo! Kuhusu mifupa irudishwe au isirudishwe, hiyo imeshafika mpaka bungeni na mimi maoni yangu ninayo lakini sio safu yake hapa, muulizeni mtoto anaonaje, mtakesha.

Halafu kurudi makumbusho mtarudi tu, ila kwa mwendo mwingine. Kitu kimoja kwa safari moja. Mkiingia Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert nendeni moja kwa moja kwa Zinjanthropus (Zinj kwa kifupi), lile fuvu la kale la jamaa wa binadamu, basi. Na mzee asianze na miaka milioni moja na laki saba na nusu, mtoto hiyo namba haimshiki, aanze na stori. Tarehe 17 Julai 1959, Bonde la Oldupai, mzee Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, anaumwa homa kabaki kambini kalala, mkewe Mary kachukua mbwa wao katoka zake kuzunguka, akaona kipande cha mfupa kimechungulia kwenye udongo, kucheki vizuri, meno! Akarudi kambini mbio na gari, mgonjwa akaamka kitandani. Hapo mwambie mtoto afungue mdomo apapase jino lake la mwisho kwa ulimi, kisha aangalie magego ya yule kwenye picha au kwenye kabati lake la kioo. Ni magego makubwa, ya kutafuna kweli kweli. Na juu ya fuvu kuna ule mfupa umesimama kama kishungi cha jogoo, misuli ya taya ilikuwa inajishikiza pale. Mwacheni aulize mwenyewe alikuwa anakula nini. Akiuliza jibuni, asipouliza msimuulize nyie.

Mkitoka hapo kama bado ana nguvu mpelekeni hapo nje kwenye magari, kuna Rolls-Royce iliyotumiwa na wakoloni na baadaye Mwalimu Nyerere, watoto wa kiume na magari unawajua. Akisema twende nyumbani mnaenda nyumbani, hata kama hamjamaliza saa nzima na tiketi imeuma. Tena hiyo tiketi, wageni bei yao iko juu kuliko sisi, na kama anatembelea pasi ya Ujerumani ulizeni mapema msije mkaanza kubishana pale dirishani mtoto anasikiliza. Jirani na hapo kuna bustani ya mimea, mnakaa kivulini, wewe na goti lako. Au shukeni mpaka Feri mpande pantoni mwende Kigamboni na mrudi, hamna shughuli yoyote huko, ni kupanda tu pantoni. Kwa mtoto wa Berlin kusimama katikati ya bajaji, matenga ya samaki na watu wamebanana huku maji yako pale chini, hiyo atawasimulia darasa zima.

Kijiji cha Makumbusho mimi nakipenda kuliko hata lile la mjini, nasema wazi. Kipo tangu 1967, nyumba za makabila zimejengwa pale uwanjani unaingia ndani kabisa, unainama mlangoni, giza, unakaa chini. Lakini nakisia mlivyoenda mzee ndiye alikuwa mbele na wewe nyuma na pochi. Safari hii babu akae kwenye benchi ashike maji. Kinu na mchi, mtungi, ungo, jiko la mafiga, haya ni mambo yako, nani ataeleza moshi unavyowasha macho kuliko mtu aliyepika nao? Mpeleke kwenye ule msonge wa Wahaya ulioshuka nyasi mpaka chini, muulize angelala upande gani, ng'ombe wangekaa wapi. Ulizia pia mlangoni saa za ngoma, wakipiga atacheza tu, anajifanya haoni huku mguu unapiga chini.

Mkirudi nyumbani toa mbuzi ya nazi. Najua wengi sasa hivi tunanunua ya pakiti au iliyokunwa kabisa sokoni, sasa siku hiyo nunua nazi nzima, muache aitikise sikioni asikie maji, umvunjie, anywe maji yake, mkalishe juu ya mbuzi miguu huku na huku sinia chini. Muonyeshe kuzungusha kifuu mkononi asikandamize, aanzie pembeni aje katikati, na akianza kuona zinadondoka zile nyuzi za kahawia ajue kafika kwenye kifuu asimame. Atakwangua kidole kidogo, usipige kelele. Akile hicho chakula chenye tui alilokuna mwenyewe na binamu zake waambiwe nani kakuna.

Binamu! Mama, kwenye barua yote nimetafuta mtoto mwingine sijamuona. Kuna babu, bibi, mtoto, tableti. Mtoto wa miaka 10 wiki zote hizo anashinda na wazee, tena wazuri, wanaompenda, lakini wazee. Mimi naona hili ndio kubwa kuliko makumbusho yote. Hapo Tabata mtaani hakuna watoto? Nao si wako likizo? Fungua geti. Siku mbili za kwanza watamzunguka wanamcheka Kiswahili chake, siku ya tatu utamtafuta saa ya chakula, yuko kwa jirani kavaa ndala za mtu. Mkienda makumbusho mbebe mmoja wa jirani au binamu, nauli ya daladala haiwezi kuwashinda, na nyie mkae pembeni. Watoto wawili mbele ya fuvu la Zinj wataanza kutishana, kuchekana meno, kuigiza anavyotafuna, na mzee hapo ajizuie kusema tulieni.

Daftari msilitupe, mpindue mchezo. Mtoto ndiye aandike maswali, babu ndiye ajibu. Na yawe maswali ya babu mwenyewe, sio ya vitabuni, ulikuwa unaenda shule na nini, ulichapwa kwa kosa gani, siku ya kwanza kumuona bibi alikuwa kavaa nini. Kama kuna sanduku lenu la zamani chini ya kitanda lenye kadi za chama, picha zilizokunjika, redio iliyokufa, barua, litoeni siku moja ya mvua au umeme umekatika. Siku hiyo hamhitaji nauli.

Tableti usiifanye adui, utashindwa vita. Mpe saa zake, labda baada ya chakula cha mchana wakati nyie wenyewe mnasinzia, na nyingine mpe kazi, apige picha anazotaka yeye, hata kama makumbusho nzima kapiga picha ya paka wa pale nje. Na bando liwe la kikomo, likiisha limeisha.

Bagamoyo iahirisheni kwanza, na mkienda nendeni kama watu wanaoenda pwani. Ni kama kilomita 70 tu, mtangulie baharini asubuhi aogelee, muangalie majahazi, mle samaki, halafu mchana jua likipungua sehemu moja, labda magofu ya Kaole maana pale ni nje, kuna mbuyu mkubwa wa kuzunguka. Habari za watumwa na minyororo mzee aseme kwa kipimo, ni historia yetu na ni lazima aijue, lakini isimwagwe yote siku moja kwa mtoto ambaye usiku atalala peke yake chumba kigeni.

Tuje kwa binti. Ile meseji nadhani uliisoma kama umeambiwa huwezi kulea. Kumbuka yuko mbali, mtoto kampigia analia, hana la kufanya, kaandika haraka haraka kwa Kiswahili cha mtu ambaye siku hizi anawaza Kijerumani. Tena yeye ndiye aliyewapa huo mzigo wa "ajue asili yake" kama vile asili inafungwa kwenye sanduku la kilo 23 arudi nayo. Usimjibu kwa meseji, maana meseji haina sauti. Mpigie, mwambie ulilia, mwambie ukweli, kisha umuulize yeye alipokuwa na miaka 10 likizo kwa bibi yake alikuwa anapenda kufanya nini. Hakuna hata mara moja atakutajia makumbusho. Hilo atakalotaja mfanyie mwanawe.

Mzee akiendelea kununa baada ya hapo mpe siku mbili tatu, watu wa gazeti huwa wanarudi wenyewe wakisikia watoto wanacheka nje bila wao.

Na hilo goti mama, hospitali, hiyo sio ya kumwandikia Shangazi.