Maswali na majibu: Kipande kikubwa hakimfanyi mtoto kuwa mkubwa

Barua za safari hii karibu zote ni za mashindano ya piano ya wanafunzi wa miaka 12 hadi 18. Zinazofanana nimezijibu pamoja. Anayetaka kujua do iko wapi, amuulize mwalimu wake.

Mwanangu ana miaka 13 na amesoma piano mwaka mmoja na nusu. Mwalimu wake amemchagulia Fantaisie-Impromptu ya Chopin, anasema juri, yaani waamuzi, linapenda vipande vya kasi. Ana nafasi? (Mama mmoja, Katuba, Lubumbashi)

Hana, Mama, na kosa si la mtoto.

Katika kipande hicho mkono wa kuume unapiga nota nne katika muda ule ule ambao wa kushoto unapiga tatu, kwa kasi, ukurasa baada ya ukurasa. Mtoto ambaye mikono yake bado haijazoea kwenda kila mmoja njia yake atakisia, na juri litasikia anakisia kabla ukurasa wa kwanza haujaisha. Chopin alikitunga mwaka 1834, akakiweka kando, asikichapishe. Kilitoka mwaka 1855, yeye akiwa amekufa miaka sita nyuma. Leo kila mzazi anataka mwanawe aanze nacho.

Hii habari ya kwamba juri linapenda kasi naisikia kila msimu, na ndiyo inayotuharibia vijana. Nikikaa mezani kama mwamuzi na karatasi ya alama, nasikiliza mambo haya: pigo linasimama imara au linakimbia pale penye urahisi na kuchechemea pale penye ugumu? Wimbo unasikika juu ya nota zinazousindikiza, au vyote vina nguvu moja? Pedali inaachiliwa sauti zinapobadilika, au kila kitu kimechanganyika? Pale palipoandikwa kimya, mtoto ananyamaza kwa kipimo chake? Hakuna hata moja linalohitaji kasi. Kijana aliyepiga sonatina (sonata ndogo) ya Clementi kwa usafi namweka mbele ya aliyeanguka mara sita ndani ya Chopin, na sijawahi kuona haya kwa hilo.

Vipande vya kumtosha viko vingi. Kuna sonatina 6 za Clementi, opus 36 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi). Kuna mazoezi 25 ya Burgmüller, opus 100, ambayo ni muziki kamili na yanapendeza mbele ya watu. Schumann aliandika mwaka 1848 kitabu chenye vipande 43 kwa ajili ya binti zake, opus 68. Vya mwanzo ni vyepesi, vya mwisho vinamtaka kijana aliyekomaa. Tchaikovsky naye ana vipande 24 vya watoto, opus 39. Mtoto wa miaka 13 habebeshwi gunia la makaa la watu wazima kwa sababu tu baba yake anataka majirani waone.

Mwendee mwalimu kwa heshima, Mama, usimgombeze mbele ya mtoto. Mwombe jambo moja: mtoto apige mkono wa kushoto peke yake, kwa nusu ya kasi, na metronomu (chombo kinachogonga pigo), akianzia mahali popote katikati mtakapomwonyesha kwa kidole. Akishindwa, kipande hicho bado si chake. Tena mtazame kifundo cha mkono. Mtoto akisema kinamuuma baada ya mazoezi, mazoezi yasimame siku hiyo hiyo. Maumivu ya mishipa kwa mpiga piano si jambo la kuvumilia, na wapo waliopoteza miaka mizima kwa sababu mtu mzima aliwaambia wajikaze.

Ni lazima kupiga bila karatasi?

Soma masharti ya mashindano yako. Mengi yanadai hivyo, na hata yasiyodai, anza kuhifadhi leo.

Nifanye mazoezi saa ngapi kwa siku?

Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko swali jingine lolote, na wanaouliza hawasemi wana umri gani wala wanapiga nini. Saa moja ukiwa unasikiliza unachopiga inazidi saa nne za kurudia kosa lile lile kutoka mwanzo hadi mwisho. Acha kuhesabu saa. Hesabu vipimo, yaani vile visehemu kati ya mistari ya wima ya karatasi, ulivyovisafisha leo.

Nyumbani sina piano. Natumia kinanda cha korali ya parokia, kina vitufe 61. Naweza kushindana? (Kijana wa miaka 15, Kamalondo)

Unaweza, kijana wangu, ila lazima ujue unachokosa. Piano ina vitufe 88, na kila kimoja kinainua nyundo ya mti inayogonga nyuzi. Kwa hiyo kitufe kina uzito, na ukikigusa pole kinasema pole. Vinanda vingi vya korali vina vitufe vyepesi vya plastiki; vingine hata havitofautishi mguso, ukipiga kwa hasira au kwa upole sauti ni ile ile. Aliyezoea hivyo akikalia piano siku ya mashindano, vidole vinachoka ukurasa wa pili, na mguso wake wote uko sawa kama wa mashine.

Usikate tamaa. Vipande vya mikono miwili vya Bach, vile 15 vinavyoitwa Invensheni, vinaingia vyote ndani ya vitufe 61, na havikutungwa kwa ajili ya piano wala pedali. Ndivyo ningekupa mimi. Mozart naye alikuwa na vinanda vya oktava tano, lakini vyake vilianzia fa ya chini zaidi, na chako kinaanzia do, hivyo nota chache za kushoto zitakukosa. Kwa Chopin sahau kwa sasa.

Halafu utafute piano yenyewe. Lubumbashi si mji usio na piano kabisa: zipo katika shule kadhaa za zamani, kwa masista, katika baadhi ya nyumba za watu. Nyingi zimefunikwa kitambaa na kuwekewa maua juu. Andika barua, mwombe mkuu wa shule saa mbili za Jumamosi, uende na mwalimu wako au maestro wa korali akudhamini. Hata mara moja kwa juma, kwa miezi mitatu kabla ya siku yenyewe, mkono utajifunza uzito. Na piano ya nyuzi haijali umeme ukikatika, neema ambayo sisi wa hapa tunajua thamani yake.

Nyinyi wenye shule hizo, hili nawaambia bila kuulizwa: piano iliyofungwa kwa kufuli haitunzwi, inakufa taratibu.

Piano ya shule yetu sauti zimeharibika, nota nyingine zinakwama majira ya mvua. Kuna mtu amesema tutie mafuta. (Mwalimu, Kampemba)

Tafadhali, mafuta yasiguse ndani ya piano hiyo! Nyuzi zimefungwa kwenye misumari inayozungushwa, na misumari hiyo inashikwa na mti kwa msuguano tu. Ukitia mafuta, inateleza, na hapo hakuna fundi atakayekuokoa kwa bei ndogo.

Chanzo ni hewa. Piano ina nyuzi kama 230, na zikijumlishwa zinavuta kwa nguvu ya tani 18 hivi. Chini ya nyuzi kuna ubao mpana wa mti unaotoa sauti. Mwezi wa Agosti hewa yetu ni kavu mpaka midomo inapasuka, ubao unasinyaa na sauti zinashuka. Januari kila kitu kimelowa, ubao unavimba na sauti zinapanda, na vitufe vinakwama kwa sababu hiyo hiyo. Ondoeni piano karibu na dirisha na kwenye ukuta unaopigwa na jua. Mwiteni fundi mara mbili kwa mwaka, mvua zikishazoeleka na kiangazi kikishakaa, wala si juma moja kabla ya sherehe. Na mpige magoti, mtazame chini na nyuma: mchwa wa Katanga hawachagui kati ya mlango na piano.

Mtoto wangu alipiga bila kosa hata moja, akakosa zawadi. Aliyeshinda ni mwanafunzi wa rafiki ya mtu wa juri. Hii si haki. (Baba mmoja, Ruashi)

Baba, una mambo mawili hapo, na usiyachanganye.

La kwanza: bila kosa si sawa na vizuri. Nota sahihi ni mahali pa kuanzia. Anayepiga nota zote sahihi bila kusema kitu anapata alama za katikati, kila mahali duniani.

La pili lina uzito, na sitalifunika. Mtu wa juri asimpe alama mwanafunzi wake mwenyewe, na kila mwandalizi aliandike hilo katika masharti kabla mtoto wa kwanza hajapanda jukwaani. Urafiki kati ya walimu, katika mji ambao sote tunajuana, hauwezi kuzuiwa. Kura ya siri na karatasi za alama zinazohifadhiwa zinaweza kuwekwa. Daini hayo. Lakini msidai matokeo yabadilishwe. Hata pale juu kabisa watu hawakubaliani: mwaka 1980 katika mashindano ya Chopin kule Warsaw, Ivo Pogorelich alitolewa kabla ya fainali, na Martha Argerich, aliyekuwa ndani ya juri, akajiuzulu kwa hasira. Matokeo hayakubadilika, na Pogorelich akafanya kazi kubwa hata hivyo.

Kitu kimoja zaidi, Baba. Mtoto asisikie maneno hayo mezani kila jioni. Ataamini kwamba juhudi yake haina maana, na piano ataiacha.

Nimejifunza kwa video zenye mistari ya rangi inayoshuka juu ya vitufe. Napiga vipande saba sasa. Naweza kujiandikisha?

Hapana. Unaiga mahali pa vidole, muziki wenyewe hujausoma. Video ikizimwa, huna la kufanya na kipande cha nane. Ingia darasa la solfeji, yaani la kusoma na kuimba nota, hata lile la korali ya mtaa wako, kisha uniandikie upya. Nimekwisha kusema haya na sitayarudia mwezi ujao.

Sisi wa Goma tumepita katika mengi, na watu wanatucheka tukitaja piano. Kweli kijana wa hapa anaweza kufika kwenye mashindano makubwa? (Kijana wa miaka 16, Goma)

Nimesoma barua yako mara kadhaa.

Mwaka ule ule wa 1980 niliotaja juu, aliyeshinda Warsaw alikuwa Dang Thai Son wa Vietnam, mtu wa kwanza kutoka Asia kuchukua nafasi hiyo. Alizaliwa Hanoi mwaka 1958. Mabomu yalipokuwa yanaanguka, shule yao ya muziki ilihamishiwa kijijini, na mama yake, mwalimu wa piano, alikuwa akifundisha huko. Baadaye alikwenda kusoma Moscow. Miaka mingi ikapita, na mwaka 2021 Bruce Liu, mwanafunzi wake, akashinda mashindano yale yale.

Hapa kwetu, okestra ya Wakimbanguisti (waumini wa kanisa la Kimbangu) ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, ilianza na watu wanaopokezana vyombo kwa sababu havikutosha. Leo inapiga Beethoven.

Sikwambii kwamba utafika Warsaw. Nakwambia kwamba wanaokucheka hawajui historia. Sasa kazi: mashindano ya Chopin huchukua wenye miaka 16 hadi 30, kwa hiyo hujachelewa kuyatazama kwa mbali. Yale ya vijana ya Van Cliburn, kule Marekani, ni ya miaka 13 hadi 17. Kwa hayo muda wako umebaki mfupi mno, usipoteze hata dola moja. Tafuta kwanza mtu mmoja anayesoma nota vizuri, padri, sista au maestro, umshike huyo. Dang Thai Son hakuwa na amani, lakini mwalimu alikuwa naye.

Mitihani ya Waingereza inayofanywa Zambia ni sawa na mashindano?

Si sawa. Mitihani ya ABRSM ina madaraja 8, na mtoto anapimwa kwa kiwango, hapimwi dhidi ya mwenzake. Alama ni 150. 100 ni kufaulu, 130 ni kufaulu kwa sifa ya juu kabisa. Kwa watoto wengi naona ni bora kuliko mashindano, maana kila mmoja anatoka na maelezo yaliyoandikwa. Tangu mwaka 2020 kuna pia mitihani inayofanywa kwa video, kwa hiyo si lazima kupanga foleni mpakani Kasumbalesa. Ila mfundisheni mapema majina ya nota kwa herufi: do yao ni C, la yao ni A.

Binti yangu yuko mwaka wa sita, Egzeta (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari) na mashindano vinagongana.

Egzeta kwanza. Abaki na kipande kimoja anachokipenda, nusu saa jioni, bila juri.

Kwa nini tupige vipande vya Wazungu tu? (Wanafunzi watatu, mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Swali zuri, na ni juu ya waandalizi wetu kulijibu. Joseph Kiwele alitunga muziki katika mji huu huu kabla wazazi wenu hawajazaliwa. Kwa piano, Nketia wa Ghana aliandika vipande 12 vya kufundishia vyenye midundo ya Kiafrika, na Akin Euba wa Nigeria alitetea njia hiyo maisha yake yote. Masharti yakiruhusu kipande cha kuchagua mwenyewe, leteni cha Mwafrika, lakini kiwe kimeandikwa, na mpeleke nakala kwa juri. Na Bach msimwache.

Naweza kubadilisha kipande wiki mbili kabla?

Hapana.

Barua isiyotaja umri wa mtoto, muda aliosoma na chombo anachotumia nyumbani, safari ijayo sitaijibu.