Usikimbilie Sura ya Kwanza: Kwa Wanaoanza Kusoma Vitabu vya Wakristo wa Milki ya Osmani

Anza na ukurasa wa jina. Andika mbalimbali mambo matatu: herufi, lugha na kanisa. Herufi zilifuata kanisa, si ulimi. Waorthodoksi wa Kapadokia, katikati ya Uturuki ya leo, walichapa Kituruki kwa herufi za Kigiriki. Waarmenia wengi walikichapa kwa herufi zao, na riwaya ya Akabi ya 1851 iko hivyo. Wamaroni, Wakristo wa Lebanoni, waliandika Kiarabu kwa herufi za Kisiria. Sisi wenye tenzi za Kiswahili katika herufi za Kiarabu hatuna udhuru wa kukosea hapa. Orodha ya maktaba ikisema "Kigiriki", soma mistari miwili kwa sauti kabla ya kuiamini.

Tarehe ndiyo huangusha wengi. Mwaka wa Kiarmenia uongezee 551: 1200 ni 1751, ingawa ulianza tangu Septemba 1750. Mwaka wa Kirumi, yaani wa hazina ya serikali, uongezee 584. Ukiona 1324 ukaudhani wa Hijria utapata 1906, wakati Sultani Abdülhamid II alipodhibiti vikali machapisho. Ukiwa wa Kirumi ni 1908, na Julai mwaka huo udhibiti ulivunjika. Kitabu kilekile, maana mbili.

Kisha tafuta ruhusa. Kanuni ya 1857 ilitaka kitabu kikaguliwe kabla ya kuchapwa, ndiyo maana utakuta maneno "kwa ruhusa ya Wizara ya Elimu", mara nyingi pamoja na namba na tarehe. Yakiwepo, linganisha na toleo la Cairo kama lipo. Baada ya Waingereza kuitwaa Misri mwaka 1882, mwandishi wa Beirut aliweza kusema kule alichokimeza nyumbani. Jarida la al-Muqtataf lilihamia huko miaka hiyohiyo.

Wala usimtwike sultani kila kitu. Mtawa Nikodemos Metaxas alileta mtambo wa kuchapa Istanbul kutoka London mwaka 1627, na Januari 1628 askari wa Yeniçeri, kikosi cha sultani, wakauvamia. Mashtaka yalitoka kwa Wayesuiti, watawa Wakatoliki, Wakristo wenzake! Serikali haikuona kosa, na waliofukuzwa ni Wayesuiti hao.

Neno la kuchunga zaidi ni "Rum". Mwaka 1800 lilimkusanya Mwothodoksi wa Athens, wa Damascus na wa Sofia. Firmani, yaani amri ya sultani, ya 1870 ilipowapa Wabulgaria kanisa lao, likapungua. Kwa hiyo usilitafsiri "Mgiriki" mpaka ujue mwaka, mji na askofu.