Kanga haijaambiwa ichague

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Mchoraji akiandika na mashairi, si anazigawa nguvu zake?" Najua swali limetoka wapi. Mshika mawili moja humponyoka. Mimi ni mchoraji wa mabango hapa Tanga, na mashairi yangu huyapeleka magazetini, kwa hiyo methali hiyo nimeimbiwa vya kutosha, hasa na mke wangu, na hasa mwisho wa mwezi.

Mtu ninayemkumbuka kila nikiulizwa hivyo ni Malangatana Ngwenya, mchoraji na mshairi wa Msumbiji. Alizaliwa kijijini Matalana mwaka 1936, akaenda mjini Lourenço Marques, Maputo ya leo, kutafuta riziki. Alikuwa akiokota mipira kwenye klabu ya tenisi. Siku moja akamwomba mchezaji mmoja, Augusto Cabral, viatu vya zamani. Alipofika kwake akamkuta anachora, basi ombi likabadilika: nifundishe na mimi. Akapewa rangi, brashi na plaiwudi. Baadaye msanifu majengo Pancho Guedes akampa gereji yake awe anachoria humo, na akawa ananunua picha zake mbili kila mwezi.

Hapo huwa nasimama. Picha mbili, kila mwezi! Mimi mteja wa kibao kimoja hunilipa kwa awamu tatu, ya tatu naifuata kwa miguu.

Maonyesho ya kwanza ya Malangatana peke yake yalikuwa mwaka 1961, na kufika 1963 mashairi yake yamo katika diwani ya washairi wa Afrika iliyotolewa Uingereza. Kisha polisi wa siri wa Wareno wakamkamata kwa kuhusishwa na FRELIMO, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji kilichoundwa hapa kwetu Dar es Salaam mwaka 1962. Alikaa ndani miezi kumi na minane hivi. Washairi José Craveirinha na Rui Nogar nao walifungwa miaka hiyo. Huko jela Malangatana alichora.

Sasa zitazameni picha zake. Macho, meno, kucha, sura juu ya sura, turubai imejaa mpaka ukingoni, huoni pa kupitisha kidole. Halafu someni shairi. Mara anasema na mama aliyemzaa, mara na mwanamke anayempenda, sauti ya chini kabisa, kama mtu aliyefunga mlango. Umati mzima aliuweka kwenye picha. Kwenye shairi akabaki na mtu mmoja. Angeachana na kalamu, ule upole ungekwenda wapi? Kwenye rangi sikuuona.

Sitawadanganya lakini kuhusu tumbo. Hakuna aliyemnunulia mashairi mawili kila mwezi. Brashi ndiyo iliyoilisha kalamu, na nadhani ndiyo sababu kalamu ilisema ilichotaka. Shairi halina mteja wa kukwambia uongeze nyekundu.

Isitoshe, sisi watu wa pwani tunauliza swali hili tumevaa jibu. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Aliyepanga maua ya mji na aliyetunga jina wametengeneza nguo moja, na dukani mama hanunui mpaka asome. Maua yakiwa mazuri na jina likawa baya, hurudishwa pale pale.

Kazini kwangu pia mambo yanaingiliana. Kabla ya kuandika herufi napiga mistari kwa uzi wa chaki, nahesabu nafasi, neno lisije likaishiwa ubao. Kwenye shairi nako, mizani (yaani silabi) nane huku, nane kule, ni hesabu ile ile, ila ya sikio.

Leo nina kibao cha duka la dawa, rangi ya kwanza haijakauka. Nyuma yake nimeanza ubeti kwa chaki. Mshororo wa tatu umepungua mizani mbili, na mwenye duka anakuja saa kumi.

Msomaji, Tanga