Kitongoji, parokia na baroni katika hati za Mayo

Umeuliza kwa nini hati ya babu yako wa Mayo, kaunti ya magharibi mwa Ayalandi, inataja kitongoji (townland), parokia na baroni (sehemu kubwa ya kaunti) kwa pamoja. Anza na kitongoji, kwani ndicho kipande kidogo kuliko vyote na vingi kati yake ni vya kale kuliko kaunti zenyewe. Ayalandi nzima ina zaidi ya 60,000, na jina moja hurudiwa mara nyingi, hivyo bila parokia na baroni utapotea. Parokia inayotajwa ni ya kiserikali, na mipaka yake mara nyingi hailingani na ya parokia ya Kikatoliki ya leo, jambo linalowakwamisha watafutaji wengi. Baroni ilikoma kuwa na kazi ya utawala mwaka 1898. Kuhusu tahajia, wapima ardhi wa Ordnance Survey, idara ya serikali ya kuchora ramani, ambao msomi wa Kiayalandi John O'Donovan aliwafanyia utafiti wa majina kuanzia 1830, waliyaandika majina ya Kiayalandi kwa sauti za Kiingereza, kwa hiyo maneno tofauti yakaandikwa sawa: Kil- mwanzoni mwa jina yaweza kumaanisha kanisa au msitu. Linganisha jina la kwenye hati yako na orodha ya kodi ya Griffith, yaani makadirio ya thamani ya ardhi na majengo ya Ayalandi, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864.