Konokono baada ya dawa ya shaba: usiwarudishe bado

Ndugu, umeuliza kama konokono wanaweza kurudi kwenye tangi lako la maji chumvi, maana samaki wamepona madoa meupe na dawa ya shaba uliitia miezi mitatu iliyopita. Mimi nisingewarudisha.

Tatizo haliko kwenye maji peke yake. Mchanga wa matumbawe na mawe ya chokaa hunasa shaba, halafu huiachia kidogo kidogo, hasa pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikishuka. Samaki huvumilia miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, ndicho kiwango cha kutibu kwa shaba ya kawaida. Konokono na kamba hawafiki huko, huanza kuumia chini kabisa ya hapo. Mimi nilipima, kipimo kikaonyesha sifuri, nikatia kamba watano jioni. Asubuhi walikuwa wamelala ubavu, vijiguu vinatetemeka. Vipimo vyetu vya dukani havioni kiasi kidogo hivyo.

Toa mchanga na mawe yale, usiyaoshe ukadhani yamepona. Badilisha maji mara kadhaa, weka kaboni (mkaa maalumu wa kuchujia) kwenye chujio na uibadilishe. Pima amonia pia, kwa sababu shaba inaweza kudhoofisha bakteria wa chujio, wale wanaoondoa amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Kisha anza na konokono mmoja tu wa bei rahisi (pole yake), umwangalie wiki mbili.

Siku nyingine wahamishie samaki wagonjwa kwenye ndoo kubwa isiyo na mchanga, yenye sponji na hita, uwatibie humo.