Lubumbashi hadi Bagamoyo, Tanga na Pangani kwa gari moja, pamoja na nkambo

Ndugu uliyeuliza kama inawezekana kuwachukua jamaa tisa, akiwamo nkambo (ndivyo tunavyomwita bibi au babu) wa miaka 74, kutoka Lubumbashi hadi pwani ya Tanzania kwa basi dogo wakati wa likizo kubwa, na kama wiki mbili zitatosha: inawezekana, ila wiki mbili ni chache. Sisi tulikuwa kumi katika Hiace ya mjomba wangu, tukatumia siku kumi na tisa, na kumi na moja kati ya hizo zilimezwa na barabara. Waliokujibu kabla yangu wamekuhesabia mafuta na kilomita, na hesabu zao ni sahihi. Sisi pia hesabu hizo tulizipatia; tulichokosea ni kusahau kwamba safari ya namna hii hupimwa kwa magoti ya aliye mkubwa kuliko wote garini.

Mjomba alikuwa amepanga siku tatu za kwenda, madereva wawili wakipokezana usukani usiku na mchana, kwa sababu malori hufanya hivyo. Njia ina zaidi ya kilomita 2,000. Usiku wa kwanza, tulipofika Kapiri Mposhi nchini Zambia, miguu ya nkambo ilikuwa imevimba hata viatu havikuingia tena, na shangazi, ambaye ni muuguzi, akatangaza mbele ya wote kwamba gari halitaondoka kabla ya jua kuchomoza na kwamba litasimama kila baada ya saa mbili, apende dereva asipende. Mjomba alinuna hadi Serenje. Kwa hiyo kwenda kulichukua siku tano kwa jumla, tukilala pia Mpika, Mbeya na Iringa, na ninakushauri upange hivyo tangu nyumbani badala ya kungoja miguu ya mtu ivimbe.

Siku ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, ihesabu kuwa siku nzima, ingawa ni kilomita 90 hivi tu kutoka mjini. Foleni ya malori ya shaba isikutishe, kwa kuwa magari madogo hupita pembeni. Kilichotuchelewesha ni majina ya watoto. Kwetu, kama unavyojua, mtoto anaweza kuwa na jina lisilofanana hata kidogo na la baba yake, na ofisa wa upande wa pili, aliyezoea desturi nyingine, aliwatazama wapwa zangu watatu na pasipoti zao na kuuliza hawa ni watoto wa nani. Beba hati za kuzaliwa, na kwa kila mtoto asiyesafiri na wazazi wake wote wawili beba barua ya ruhusa iliyothibitishwa na kuwekewa mhuri. Tena usichanganye kadi mbili za njano: moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo kila mtu anapaswa kuwa nayo, na nyingine ni ya bima ya gari ya COMESA. Binamu yangu aliulizwa ya gari, akatoa ya chanjo kwa kujiamini kabisa.

Mpakani hapo utahamia upande wa kushoto wa barabara. Wengi huogopa siku ya kwenda, lakini siku hiyo dereva yuko macho. Hatari iko siku ya kurudi, amechoka, anajiona amekwisha fika nyumbani, na mkono wake umekwisha kuzoea kushoto.

Kuhusu Zambia sina mengi. Barabara ni ndefu, vijiji ni vichache, na mashimo kati ya Serenje na Mpika wakati wetu yalitosha kuvunja urafiki. Upande huo ndiko kulikokuwa na kijiji cha Chitambo, ambako Livingstone alifariki mwaka 1873, na watu wake, Chuma na Susi wakiwa mbele, wakaubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Niliwasimulia watoto habari hiyo walipoanza kulalamika kwamba kiti ni kigumu, wakanyamaza kwa muda wa nusu saa.

Ukivuka Nakonde kuingia Tunduma, upande wa Tanzania, saa yako itasogea mbele kwa saa moja, kwa hiyo siku hiyo itakuwa fupi. Usipange kufika mbali baada ya Mbeya. Ndani ya Tanzania heshimu kilomita 50 kwa saa kila penye makazi, kwa maana askari wa barabarani wana kifaa cha kupimia mwendo wanachokiita tochi, na wanakitumia. Baada ya Iringa kuna mteremko wa Kitonga, ambao dereva anapaswa kuushuka kwa gia nzito na wala si kwa breki peke yake, kisha mibuyu mingi kando ya Mto Ruaha, kisha barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50. Ipiteni mchana. Watoto wataona tembo na twiga bila kulipa kiingilio, ila anayegonga mnyama hutozwa faini.

Sasa pwani. Ombi langu ni moja: chagueni kipande kimoja. Katika orodha yako umeandika Zanzibar, Kilwa, Dar es Salaam, Bagamoyo na Tanga. Kwa watu tisa, mmoja wao mzee, hiyo ni orodha ya kufungua na kufunga mizigo. Sisi tulishika Bagamoyo, Tanga na Pangani, siku nane kwa jumla, na hata Dar es Salaam hatukuingia. Ukifika Chalinze, badala ya kufuata foleni ya jiji, kunja kushoto hadi Msata, halafu shika lami ya kilomita 64 inayoshuka Bagamoyo. Kutoka Bagamoyo kwenda Pangani ramani itakuonyesha njia fupi inayopita Saadani. Wakati wetu ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa, nasi kwa ajili ya nkambo tukarudi Msata, tukapita Segera na Muheza hadi Tanga, ndipo tukateremka Pangani. Tulizunguka sana, lakini hakuna aliyeumwa mgongo.

Julai na Agosti ni miezi mizuri. Masika imekwisha, upepo wa kusi unavuma, na wewe unayetoka katika baridi ya Lubumbashi ya asubuhi utaona joto lile kama blanketi. Upepo huo huchafua bahari kidogo, kwa hiyo safari za mashua zifanyike asubuhi.

Hapo ndipo tulipokosea, na nitaeleza kwa sababu ninyi pia mtakosea. Mbele ya Pangani kuna Maziwe, fungu la mchanga lililo katikati ya bahari, ambalo huonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Nahodha alituambia tuwe ufukweni saa mbili. Sisi watu wa Lubumbashi saa tunazihesabu kwa Kifaransa. Binamu akaelewa saa mbili ya baada ya adhuhuri, tukalala vizuri, tukanywa chai bila haraka. Tulipofika, nahodha alikuwa akishona wavu. Hakukasirika. Alitueleza kwamba saa mbili ni ya asubuhi, kwamba hizi ni siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu, maji hupwa sana asubuhi na kujaa sana alasiri, na kwamba kesho yake tuje karibu saa tatu, kwa kuwa kila siku maji huchelewa kwa dakika hamsini hivi.

Kesho yake vijana walikwenda Maziwe. Nkambo alibaki nami, maana mashua hakuitaka. Bahari ilikuwa imerudi nyuma mbali sana, na wanawake walikuwa wakitembea juu ya miamba na vijiti, wakitafuta pweza. Nkambo, ambaye amezoea Lualaba inayokwenda upande mmoja tu, hakukubali kwamba maji yale yatarudi. Alichomeka kijiti mchangani, akavuta kiti, akaketi. Nilimletea dafu, akanywa bila kuondoa macho. Mnamo saa nane mchana povu la kwanza likagusa kijiti, akakihamisha hatua tatu nyuma. Alikihamisha mara nne kabla ya kuniruhusu nibebe kiti. Mjomba, aliyekuwa ameudhika kwamba tunapoteza siku, aliporudi na kusikia habari hiyo, alikwenda naye siku iliyofuata, na kijiti chake mwenyewe.

Chakula hakitawapa taabu, kwani wali wa nazi na samaki wa kukaanga hupendwa hata na watoto wachaguzi. Ila bebeni unga, maana siku ya tatu mtu ataulizia bukari, yaani ugali wetu. Lugha nayo mtasikilizana, pamoja na vicheko: shangazi aliagiza "mayi ya baridi", kwa maana kwetu maji ni mayi, kwenye kibanda kimoja cha Bagamoyo, akaletewa mayai mawili ya kuchemsha, na muuzaji akaomba radhi kwamba yametoka jikoni sasa hivi, bado hayajapoa.

Kuhusu fedha, usikubali kila mtu alipe chake njiani. Sisi tulitoa mchango kabla ya kuondoka, tukamkabidhi shangazi, naye akaandika kila kitu katika daftari la shule. Ugomvi pekee tulioupata ulihusu vitu vilivyonunuliwa nje ya daftari hilo. Dola ziwe safi, zisizochanika hata pembeni. Wekeni kando pia fungu la matengenezo, nalo lisiguswe: matairi mawili yalitupasukia, yote katika siku moja, na la pili likatukuta bila tairi la akiba.

Kurudi tulipita njia ileile kwa siku sita, kwa mwendo wa nkambo. Alikuwa amejaza bidoni, yaani dumu, ya lita tano maji ya bahari, awaonjeshe majirani zake wa Kenya, mtaa wa Lubumbashi, ambao hawaamini kwamba ni ya chumvi. Nanyi mkitaka kubeba, tafuteni bidoni yenye kifuniko kinachokaza: yetu ilivuja kwenye mashimo ya Mpika, na nusu ya maji ikaishia katika gunia la unga.